Namba Chini ya Rangi

Uvumi wenyewe nililetewa na mama muuza vifungo, Jumanne moja asubuhi, akiwa amekaa kwenye kiti changu cha wateja na kikombe changu mkononi. Alisema baiskeli ya yule kijana aliyekufa mwaka jana kwenye mteremko wa daraja haikutupwa. Ilifunguliwa kipande kwa kipande, ikapuliziwa rangi nyingine, ikauzwa.

"Aliyenunua kiti ameacha kabisa kuendesha. Ukimuuliza sababu, anakuuliza kama mvua itanyesha," alisema. "Aliyenunua gurudumu la nyuma kavunjika bega. Na wanasema vile vipande vinatafutana. Kimoja kikishaingia kwako, kingine kinakuja chenyewe."

"Wanasema akina nani?"

"Watu."

"Watu wana majina, mwenzangu."

"Mama Bata, mimi nauza vifungo, siweki daftari la majina ya watu." Akacheka, akanywa chai yake, akahamia kwenye habari za zipu zilizopanda bei.

Mimi sikucheka. Nyuma ya pazia, hatua nne kutoka pale alipokaa, ilikuwa imesimama baiskeli ya binti yangu, na mbele yake kulikuwa na foku nyeusi ya mtumba tuliyoinunua siku tatu zilizopita. Foku ni ule uma unaoshika gurudumu la mbele. Nilimsindikiza yule mama mpaka mlangoni, nikarudi, nikaitazama. Ilikuwa inang'aa kama kiatu kilichopigwa dawa.

Ninaandika haya kwa wazazi wenzangu, na kwa vijana wanaoendesha. Sikusoma zaidi ya shule ya msingi, na mambo ya baiskeli nimeyajua ukubwani, kwa kulazimika. Lakini haya niliyaona kwa macho na kuyashika kwa mikono.

Binti yangu tunamwita Bata tangu ana miaka sita, kwa sababu ya maji. Ukimweka kwenye maji, humtoi. Sasa ana ishirini na miwili, anafundisha watoto kuogelea, na mwenyewe anashindana ile michezo mitatu wanayoifanya asubuhi moja bila kupumzika: unaogelea, unapanda baiskeli, unamalizia kwa kukimbia. Kwenye maji hawamwoni. Kwenye kukimbia anajitahidi. Shida ilikuwa baiskeli. Alikuwa akitoka majini wa kwanza, halafu anapitwa barabarani na watu wenye vitambi.

Mashindano yalikuwa yamebaki wiki sita. Wale ambao wangemaliza ndani ya muda uliowekwa wangechukuliwa kambini kufundishwa, kula na kulala bure, mwaka mzima. Bata alikuwa nyuma ya muda huo kwa dakika nne, na zote nne zilikuwa zinapotea kwenye baiskeli. Alikuwa ameweka akiba ya mwaka mzima kwa ajili ya kuitengeneza. Si akiba ya kutisha, ni ya mwalimu wa watoto.

Kocha wake alimwambia mapema aanze na nini. Kwanza apimwe, kiti na usukani vikae kulingana na mwili wake. Kisha matairi mapya, mazuri, yale yanayoteleza barabarani bila kukokota. Mipira ya breki. Suruali yenye pedi, maana mtu anayeumwa makalio hawezi kukaza mwendo. Ikibaki hela, vile vishikio vya mbele vya kulalia viwiko, ili upepo usimpige kifuani. Basi.

Bata alirudi nyumbani amenuna.

"Mama, hivyo vyote havionekani. Nitamaliza akiba yangu halafu baiskeli iwe ileile."

Hapo ndipo nilipoingia mimi, na ndiyo sababu silali vizuri. Mimi ni fundi cherehani. Nimemlea mtoto huyu kwa kugeuza kola za mashati, kwa kutoa bitana ya koti zee na kuitia kwenye koti jingine. Nimemfundisha tangu mdogo kwamba kitu kizuri cha mtumba kinakishinda kitu kibovu kipya. Kwenye nguo ni kweli, nitalisema hilo mbele ya yeyote. Kwa hiyo nikamwambia, "Matairi yanaliwa na barabara, mwanangu. Nunua kitu kitakachobaki. Twende kwa Spoku tukaone mitumba."

Spoku ni fundi baiskeli. Kibandani kwake baiskeli zimetundikwa juu kama nyama buchani. Alituona, akajifuta mikono, akashusha foku moja nyeusi kutoka kwenye kulabu.

"Mama, shika hii. Usiogope, haing'ati."

Nikaishika. Ilikuwa nyepesi kuliko mkasi wangu wa kukatia.

"Hiki si chuma," nikasema.

"Ni kaboni. Kitambaa hicho, mama. Nyuzi zinafumwa, zinamwagiwa gundi, zinaokwa mpaka zinakauka. Kwa hiyo hii ni kazi yako, mimi nakuuzia tu."

Alijua pa kunishika. Bata naye macho yalikuwa yameshatoka.

"Ilikuwa ya nani?" nikauliza.

"Ya mtu aliyehama."

"Kahamia wapi?"

"Mbali." Akageuka kutafuta kitambaa cha kufutia mikono ambayo ilishafutika.

Nikaanza kubishana bei. Wateja wangu wananijua. Kwenye bei nakuwa mtu mwingine. Nilitaja nusu ya alichotaja, nikajiandaa kwa vita. Akakubali. Akakubali palepale, bila hata kuapa kwamba namtia hasara. Nikamtazama Bata kwa fahari, kama vile nimefanya kitu. Ningepaswa kujua. Mtu wa mitumba akishuka haraka, anaogopa usije ukaigeuza nguo ndani ukaona mshono. Mimi kila nguo naigeuza ndani kabla sijatoa hela. Hii sikuigeuza, kwa sababu haikuwa na ndani.

Tulipokuwa tunaondoka Spoku akatuita. "Na ndugu yake anakuja wiki ijayo. Gurudumu la mbele, kaboni hiyohiyo. Nikuwekee?"

"Niwekee," Bata akajibu.

Sasa rudi nami kwenye ile Jumanne. Kimoja kikishaingia kwako, kingine kinakuja chenyewe. Nilijaribu kuyasahau maneno hayo kama ninavyosahau umbea wote wa muuza vifungo, maana yule ndiye aliyewahi kuniambia kwamba mwenye nyumba wangu ana mke wa tatu, kumbe ni dada yake. Lakini haya yalikataa kutoka.

Bata alikuwa na kile kifaa cha kufungia gurudumu la nyuma ili uendeshe ukiwa umesimama palepale, na alikuwa akifanyia mazoezi kwenye korido yetu kabla ya kwenda kazini. Asubuhi ya Jumatano nilikuwa napiga pasi. Kila alipoinuka kwenye kiti na kuegemea mbele nilisikia sauti ndogo. Ti. Kama mtu anayekata uzi kwa meno.

"Bata, unasikia?"

"Nini?"

"Hicho kinacholia."

"Ni boliti mpya, Mama, inajikalisha."

Alipoondoka niliketi kwenye cherehani. Baiskeli ilikuwa imesimama koridoni, haina mtu. Nikaanza kushona sketi ya shule. Ti. Nikasimamisha mguu. Kimya. Nikashona tena hatua kama ishirini. Ti. Nikaamka, nikaenda mpaka koridoni, nikasimama mbele yake. Gurudumu la mbele lilikuwa limepinda kidogo upande wangu, kama mtu anayegeuza shingo kumtazama anayeingia. Nilijiambia ni bati linapanuka kwa jua. Nikarudi. Siku hiyo niliikata sketi ya mtu ikawa na pande mbili za kushoto.

Alhamisi nilikuwa siwezi tena kukaa na mgongo wangu umeielekea korido. Kuanzia asubuhi nilisikia ile sauti mara tano, na katikati yake nikasikia kitu kingine, gurudumu likizunguka taratibu, tiki tiki tiki, likisimama. Nilipokwenda halikuwa linazunguka. Sisemi ilikuwa nini. Nasema nilisikia.

Saa tisa alasiri niliburuta kigoda, nikakaa mbele ya foku, nikaishika kwa vidole kama ninavyoshika kitambaa nisichokiamini. Macho yanadanganywa na rangi. Vidole vya fundi havidanganyiki kirahisi. Nilianza juu, nikateremka taratibu. Upande wa ndani wa mguu wa kushoto, pale usipoweza kuona ukiwa umesimama, nikagusa vijituta. Vidogo sana, chini ya rangi, kama uzi uliosahauliwa chini ya bitana. Vilikuwa vimejipanga mstari mmoja.

Nikachukua kile kijisu changu cha kufumulia mishono. Nikakwangua polepole, bila kukandamiza. Rangi nyeusi ilitoka kama maganda. Chini yake kukatokea wekundu. Rangi ya kucha. Sifuri. Halafu saba, saba yenye mkia mrefu. Nikaendelea, tarakimu baada ya tarakimu, mpaka zikatimia.

Ilikuwa namba ya simu.

Niliweka kijisu chini. Halafu nikaipiga, nadhani kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya na namba ya simu.

Haikuita hata mara mbili. Sauti ya mwanamke ikasema, bila hodi, bila habari:

"Nani ameanguka?"

Nikaikata. Mkono wangu ulikata wenyewe. Niliiweka simu juu ya meza ya kukatia, nikaifunika na kitambaa, kama vile ikifunikwa haitanikumbuka.

Wakati huohuo mlango ukafunguliwa. Bata, nywele bado mbichi za maji, mfuko begani. Saa kumi na moja kilabu chao kilikuwa na jaribio la mwendo kwenye mteremko wa daraja, kushuka na kupanda mara sita, na alikuwa amepita kuichukua baiskeli. Akaona maganda meusi sakafuni.

"Mama. Umefanya nini?"

"Hutakwenda na hiyo foku."

"Umeikwangua rangi?"

"Ni ya yule kijana wa daraja. Nimepata namba chini ya rangi."

Akainama, akatazama. Akasimama. "Namba. Kila fundi anaandika namba kwenye mali yake. Hayo ni maneno ya muuza vifungo, sivyo? Ndiye alikuja Jumanne, nilikuta kikombe."

"Bata, inalia."

"Inalia wewe ukiwa peke yako. Mimi mbona hainililii?" Alishaanza kufunga mkanda wa kofia yake ngumu chini ya kidevu. "Wewe mwenyewe ulinipeleka. Wewe mwenyewe ulibishana bei. Mtumba mzuri unakishinda kipya kibovu, si ulisema? Leo jini limetoka wapi?"

Alikuwa anasema kweli. Nikasimama mlangoni, nikashika miimo pande zote mbili.

"Utapita juu yangu."

"Mama, nina dakika nne. Wiki tano. Usinifanyie hivi."

Akaishika baiskeli kwenye usukani, akaisukuma mbele mpaka tairi likanigusa goti. Tulisimama hivyo, mimi na mwanangu, na katikati yetu foku ile yenye mguu uliochunika. Hapo meza ikaanza kutetemeka. Simu ilikuwa inaita chini ya kitambaa.

Sikusogea. Bata ndiye aliyenyoosha mkono akaipokea, kwa hasira, aniondolee kisingizio. Aliiweka sikioni, na kwa sababu simu yangu ina sauti kubwa ya kizee, nami nilisikia.

"Umenipigia ukakata," mwanamke alisema. Alikuwa anahema kama mtu anayetembea haraka. "Usiogope. Nimeshatoka. Nimeshavaa viatu. Niambie tu ni wapi alipoanguka, nakuja."

Bata aliegemeza baiskeli ukutani.

"Mwanangu, usikate tena. Yuko wapi?"

Niliuona uso wa binti yangu ukibadilika. Alifungua mkanda wa kofia kwa mkono mmoja, akakaa sakafuni na mfuko wake bado begani, na kwa sauti ndogo aliyokuwa nayo darasa la kwanza, akamwelekeza nyumba yetu.

Alifika ndani ya saa moja. Ni mpishi wa shule. Alikuja na aproni ya kazi ndani ya koti, viatu vya mpira miguuni. Hakukaa. Nilimwambia karibu, akasema ahsante dada, akapita mpaka koridoni, akapiga magoti pale kwenye foku na kuweka kidole juu ya ile saba.

"Ni mkono wangu. Mimi saba naiwekea mkia," alisema. "Nilimwandikia sehemu tatu. Hapa, chini ya kiti, na ndani ya ringi ya mbele, chini ya ule mkanda unaokingia tyubu. Nilimwambia ukianguka waone pa kunipigia. Alinicheka. Alisema Mama, nikianguka watatafuta simu yangu, hawatafungua gurudumu."

"Walikupigia?" Bata akauliza.

"Hakuna aliyetazama. Nilipata habari kwenye redio ya jikoni, napakua chakula cha watoto."

Kisha akatuambia, akiwa bado amepiga magoti. Kijana wake alikuwa anajiandaa kwa mashindano hayahaya. Alimwomba mama yake hela ya matairi, maana yake yalikuwa yamelika mpaka nyuzi zinaonekana. "Nikamwambia tairi ni kitu cha kwisha, nunua kitu cha maana. Tukaongeza akiba yake na yangu, akanunua mbele yote ya kaboni, foku na gurudumu. Alikuwa anaipangusa kila siku. Juu mpya, chini matairi ya zamani. Yakapasuka kwenye mteremko, akaenda kwenye ukuta wa daraja na foku hii ikiwa mbele."

Matairi yanaliwa na barabara, mwanangu. Nilikuwa nimeyasema karibu neno kwa neno.

"Baiskeli nilimpa fundi bure," mpishi aliendelea. "Nikamwambia kaikate. Kila kitu akikate, asipande mtu. Akaniapia. Simu hii tangu siku hiyo sijawahi kuizima. Nalala nayo, naoga imewekwa mlangoni. Nikiona namba nisiyoijua najua ni wao."

"Wao nani?" niliuliza.

"Wenye vipande," alisema.

Nikavaa ile kofia ya chuma ya kidoleni ninayoshonea, nikagonga foku. Niliwaza tu kwamba ukuta wenye uwazi ndani unajulikana kwa kugonga. Nilianza chini. Ta, ta, ta, sauti kavu, safi. Nikapanda. Ta, ta. Karibu na bega lake, pale miguu miwili inapokutana, ikajibu: Tu. Sauti butu, kama kugonga mkate. Nikarudia. Ta, ta, tu. Bata alisogea kwa magoti mpaka sikio lake likawa karibu na kidole changu.

"Rudia hapo," alisema. Nikarudia. "Tena." Nikarudia.

Akaamka, akaenda stoo, akarudi na msumeno wa chuma wa baba yake, na vitambaa vitatu vya kufunika pua. "Vumbi lake ni baya," alisema. Tuliifungua, tukailaza juu ya kigoda. Mimi nilishika chini, mpishi akashika juu, Bata akakata pale penye sauti butu. Haikuchukua muda. Nusu ya njia ilikuwa udongo, ule mweupe wanaozibia mabati ya magari, umepakwa juu ya ufa na kupuliziwa rangi. Ilipoachana niliona ndani yake mwishowe. Nyuzi zilikuwa zimechanika, zimesimama huku na huko, kama bitana ya koti iliyoraruka halafu mtu akashona juu tu ili auze.

Bata aliangalia saa. Wenzake wakati huo walikuwa kwenye mteremko.

Ijumaa tulikwenda kwa Spoku, sote watatu. Alipomwona mpishi alivua kofia. Hakubishana. Alirudisha sehemu ya hela, akasema nyingine keshaila, na hiyo nyingine mpaka leo naidai kwa mdomo tu.

"Na gurudumu?" mpishi akauliza. "La mbele."

"Limeshachukuliwa, mama. Jana. Binti hakuja, nikampa mwingine."

"Nani?"

"Mtu tu. Alikuwa mpita njia, hata jina sikumuuliza." Alikuwa anaongea na viatu vyake. "Mama, mbona wengi wanaendeshea hivyohivyo na hawafi?"

Mpishi alishageuka kuondoka.

Bata alirudisha foku yake ya zamani, ya chuma. Hela iliyobaki alinunua matairi mawili mapya ya dukani, mipira ya breki, suruali ya pedi, na vishikio vya kulalia, vya bei ya chini kuliko vyote. Kocha alimpima kwa kamba na jicho. Kiti kilipanda vidole viwili, kikasogea mbele kidogo, na palepale koridoni akasema, "Mama, goti limeacha kuniuma." Goti lilikuwa linamuuma mwaka mzima, na kulitibu hakukugharimu hata senti.

Siku ya mashindano mimi na mpishi tulisimama chini ya mteremko, kando ya ukuta wa daraja. Pale ukutani pana alama ambayo mvua haijaifuta. Yeye alikuwa ameshika simu mkononi, kioo kikimtazama. Mimi nilishika mkono wake mwingine. Baiskeli zilianza kushuka, moja, tatu, kumi. Bata alipita ameinama juu ya vishikio vyake, matairi yakivuma sawasawa, breki zikamshika pale kwenye kona kama mtu anavyoshikwa mkono. Alikuwa mzima. Nilihesabu mara sita akipita, na mara zote sita alikuwa mzima.

Alipunguza dakika mbili na nusu. Hawakumchukua kambini. Alilia siku moja, ya pili akarudi kwenye maji. Anasema mwaka ujao.

Lakini ile mara ya nne, baada ya Bata kupita, lilikuja kundi kubwa, watu kama ishirini wamebanana, na katikati ya kelele za minyororo nikaisikia. Ti. Kama mtu anayekata uzi kwa meno. Mpishi alinibana mkono, naye alikuwa ameisikia. Tulitafuta kwa macho ni gurudumu la nani. Yalikuwa yanazunguka upesi mno, na mengi ni meusi.

Simu haikuita siku hiyo. Gurudumu bado liko barabarani. Kwa hiyo nawaandikia mambo ya kuepuka, wewe mwenye akiba ndogo na wewe mzazi wa mwenye akiba ndogo:

Usinunue kaboni ya mtumba kama humjui aliyekuwa nayo, hata ikishuka bei. Hasa ikishuka bei.

Usimwamini muuzaji anayesema mwenye kitu alihama.

Usinunue kitu kilichopuliziwa rangi mpya juu ya rangi ya zamani. Uliza rangi inaficha nini.

Usivae kofia ngumu iliyowahi kuanguka na mtu, hata kama haina mkwaruzo.

Usiweke kitu cha fahari juu ya matairi yaliyolika. Matairi kwanza, na breki.

Usitoe hela yoyote kabla hujapimwa kiti.

Usinyamazie kinacholia kwenye baiskeli. Kisimamishe ukitafute, hata kama unakisikia peke yako.

Usimwambie mwanao anunue kitu cha kuonekana.

Usiuze wala usigawe baiskeli iliyoua. Ikate mwenyewe, ukiwa umeziba pua.

Usilifunge gurudumu la mbele la kaboni ulilopewa kwa bei ya kutupa kabla hujatoa tairi na kufunua ule mkanda wa ndani ya ringi. Ukikuta namba nyekundu, saba yenye mkia, usiipande baiskeli hiyo tena. Ipige hiyo namba. Na akipokea, usikate.